Daftari la Askari ni Kioo Chake

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Wafanyabiashara wameishika kauli hiyo, lakini sisi tuvaao sare yatupasa kuipanua: nafsi ya mtu nayo ni mali, na ni wachache mno wanaoiwekea hesabu.

Kila kituo cha polisi kina kitabu cha matukio, na kila lindo la jeshi lina kitabu cha zamu. Humo huandikwa saa, mahali, namba ya askari na jambo lililotokea. Vitabu hivyo ni vya lazima, ila havimwonyeshi mtu. Havisemi kwamba koplo aliingiwa na hofu, wala kwamba inspekta alimfokea raia kwa hasira aliyotoka nayo nyumbani. Mambo hayo hubaki moyoni, na mwenyewe huyasahau upesi, kisha huyarudia. Ndiyo sababu askari anahitaji daftari lake binafsi, na mistari michache ya kweli kila jioni.

Hebu tutazame mfano wa Ernesto Che Guevara. Hatuzungumzii hapa siasa yake. Twazungumzia kalamu yake. Mnamo Aprili 1965 alivuka Ziwa Tanganyika kutoka Kigoma akaingia Kongo kupigana pamoja na waasi wa mashariki. Majina ya vita ya kundi lake yalianza kwa hesabu za Kiswahili, naye akaitwa Tatu. Kufikia Novemba mwaka uo huo mambo yalikuwa yameharibika, akaondoka. Alipoketi Dar es Salaam kuandika habari za vita hivyo, hakuwatupia wengine lawama zote. Alikiri kwamba hakujifunza Kiswahili upesi wala vya kutosha; Kifaransa kilimwezesha kusema na wakubwa, kikamtenga na askari wa kawaida. Ni kamanda gani angeliandika hayo katika ripoti ya kuombea cheo?

Huko Bolivia aliandika kila siku, tangu Novemba 7, 1966 hadi Oktoba 7, 1967. Mwezi Agosti 1967, akiwa hoi kwa pumu, alimchoma kisu shingoni farasi jike aliyekuwa akimbeba. Siku ile ile aliandika kwamba tendo hilo lilionyesha kuwa nyakati nyingine hushindwa kujitawala, na kwamba ni lazima ajirekebishe. Sifa za watu zilimfanya shujaa; daftari lilimwonyesha binadamu mgonjwa, mwenye hasira, lakini asiyejidanganya.

Wapo watakaosema kuwa kazi ya askari ni kutii, si kuandika. Lakini anayejidanganya katika daftari lisilosomwa na mtu, atasemaje kweli mbele ya mkuu wake au mbele ya hakimu? Mtu hujizoeza ukweli faraghani kama vile ajizoezavyo shabaha uwanjani.

Hata hivyo, tahadhari ni lazima. Guevara alikamatwa Oktoba 8, 1967, akauawa kesho yake, na daftari lake likaangukia mikononi mwa jeshi la Bolivia. Mwaka 1968 lilikwisha chapishwa, likasomwa duniani kote. Basi, askari asiandike kamwe idadi ya watu, silaha, njia za doria, wala jina la mtoa habari. Hizo ni siri za kikosi, wala si zake. Na aandike akijua kwamba siku moja daftari laweza kusomwa na asiyemtarajia.

Kilicho chake ni hofu yake, hasira yake, tamaa yake, na pale alipotenda haki ingawa hapakuwa na shahidi. Hayo ayaandike bila kujipamba. Sare hutuonyesha sote kuwa sawa, na nishani hueleza yale waliyoyaona wakubwa wetu. Yaliyosalia hayana mwandishi mwingine ila wewe, ndugu askari. Nunua daftari, uanze leo.