Jino la Sita



Juma hili, wasomaji wetu, tunaandika juu ya jambo ambalo watu hulidharau mpaka liwafike nyumbani: jino la mtoto na uzani wa mama yake. Tunayataja pamoja kwa kuwa kwetu yalikuja pamoja, na tulipoyachunguza tuliona kwamba yameingia kwa mlango mmoja.

Binti yetu ana umri wa miaka tisa. Kwa muda wa miezi miwili alikuwa akilalamika kwamba gego la chini, upande wa kushoto, lamuuma kila anywapo kitu cha baridi. Tulimpa maji ya chumvi asukutue, tukampaka mafuta ya karafuu kwa pamba, na maumivu yalipozidi tukampa kidonge cha kuyatuliza. Tulijifariji kwamba ni jino la utotoni. Litang'oka na jingine litaota mahali pake. Usiku mmoja aliamka akilia, shavu limefura. Kulipopambazuka tulimpeleka kwa daktari wa meno, naye, baada ya kumulika kinywa, alituuliza kama twajua kwamba jino lile si la utotoni.

Hatukujua. Akatueleza kwa upole kwamba mtoto huota meno 20 ya utotoni: ukianza katikati ya kinywa kuelekea nyuma, utahesabu matano kila upande, juu na chini. Afikapo miaka sita hivi, nyuma ya hayo matano huchomoza gego jipya bila jino lolote kung'oka ili kulipisha. Mzazi haoni pengo, haoni damu, na mtoto hana habari ya kuleta. Hilo ndilo jino la sita, nalo ni la maisha. La binti yetu lilikuwa limetoboka hadi kwenye mshipa wa fahamu, na limebaki ganda tu. Ikabidi ling'olewe. Wazee walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi ufa tuliuona tangu mwanzo, tukauita jina jingine.

Siku chache baadaye, mama wa nyumba alikwenda kupimwa kwa sababu ya magoti yaliyokuwa yakimsumbua kila apandapo ngazi. Akaambiwa kwamba uzani wake umezidi, na kwamba sukari katika damu imeanza kupanda, ingawa haijafikia kuitwa kisukari. Haikuwa mara yake ya kwanza kusikia habari ya uzani. Alikwisha kujaribu kulala bila chakula cha usiku, akajaribu maji moto na ndimu, na siku moja alinunua unga wa kupunguza mwili ambao haukuandikwa umetengenezwa na nini. Kila mara kilo zilipungua kidogo, kisha zikarudi na wenzake. Huko arusini hali ilikuwa ni ile ile: huyu amwambia "mashaallah, umenawiri, mume anakutunza", na yule amnong'oneza mwenzake kwamba fulani amejiachia. Mwanamke wa pwani hupimwa kwa macho ya watu kabla hajapanda mizani.

Tuliporejea nyumbani tulikubaliana jambo moja. Kwa siku saba tutaandika kwenye daftari kila kinachoingia kinywani, mkubwa na mdogo, bila kulaumiana.

Tulidhani daftari litaishtaki biriani ya Ijumaa. Haikuwa hivyo. Milo yetu ya mezani ilikuwa ya kawaida: wali wa nazi, samaki, mchicha, mbaazi. Kilichotushangaza ni vile vidogo ambavyo hakuna aliyekuwa akivihesabu. Mama wa nyumba alikunywa chai ya asubuhi kwa vijiko vitatu vya sukari, kikombe cha saa nne kwa viwili, sharubati ya mchana kwa vinne, na chai ya alasiri kwa vitatu. Hivyo ni vijiko 12, kabla ya hamri, kashata na kaimati. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2015, lilishauri kwamba sukari ya kuongezwa, pamoja na ile ya asali na ya maji ya matunda, isizidi sehemu moja kwa kumi ya nguvu tuipatayo katika chakula cha siku. Kwa mtu mzima wa kadiri hiyo ni gramu 50 hivi, yaani vijiko 12 vya chai, na ni bora zaidi isifike nusu yake. Kwa vikombe peke yake alikwisha kufika ukomo. Haba na haba hujaza kibaba.

Daftari lilifichua na jingine. Mama huyu alikuwa akimaliza mabaki ya sahani za watoto kila siku, kwa kuchelea israfu. Ni nia njema, na akina mama wengi wataitambua. Lakini aya ya 31 ya Suratul A'raf inapotukataza israfu, inakutaja kula na kunywa kwenyewe. Israfu ya kumwaga chakula twaiona. Ya kukijaza tumboni pasipo njaa hatuioni. Tiba yake ilikuwa nyepesi: kumpakulia mtoto kidogo, naye akitaka aongezwe.

Tukatazama ukurasa wa binti. Chai ya maziwa asubuhi, biskuti shuleni, juisi ya pakiti, mabuyu mekundu njiani akienda madrasa, peremende akirudi, kaimati za magharibi, na maziwa yenye sukari kabla ya kulala. Mara saba kwa siku. Daktari alikuwa ametueleza maana yake. Kinywani mwa kila mtu mna vijidudu. Tulapo sukari, navyo huila, kisha hutoa asidi inayolainisha ganda gumu la jino. Mate huiondoa asidi hiyo na kulirudishia jino madini yake, ila yahitaji muda, nusu saa au zaidi. Anayekula halua mara moja, pamoja na mlo, huyapa mate nafasi ya kufanya kazi. Anayedokoa mara saba huliacha jino ndani ya asidi saa tatu na nusu kwa uchache. Mabuyu ndiyo hatari zaidi, kwa kuwa hufyonzwa kokwa moja baada ya nyingine, na sukari yake hunata. Na maziwa yale ya kulalia hukaa kinywani usiku, wakati ambapo mate hupungua.

Hapo ndipo tulipouona mlango mmoja tuliousema. Udokozi ule ule uliomtoboa mtoto jino ndio uliomwongezea mama yake kilo. Na maradhi haya husaidiana: aliyepoteza magego huviacha vyakula vya kutafuna, akategemea vilaini. Nyanya yetu, aliyebakiwa na meno machache, haligusi pera wala kachumbari. Mlo wake ni mkate uliochovywa katika chai tamu. Tena kisukari hudhoofisha fizi, na fizi zilizooza huifanya sukari ya damu kuwa ngumu kudhibitiwa.

Tumebadilisha nini? Hatukuharamisha kilichohalalishwa. Vitamu vimebaki, ila vimepewa wakati: huliwa pamoja na mlo, na baina ya mlo na mlo ni maji. Sukari ya chai tumeipunguza nusu kijiko kila juma, na ulimi umezoea bila vita. Alasiri, jua likipoa, mama na binti hutoka kutembea mpaka karibu na magharibi. Na kabla ya kulala, baada ya kila kitu kwisha kuliwa, mtoto hupiga mswaki mbele yetu, kwa dawa yenye floraidi ya kadiri ya punje ya mbaazi. Hutema povu wala hasukutui sana, ili dawa ibakie. Mswaki wa mti, ambao Mtume (S.A.W.) aliuhimiza mno, tunao, na tunautumia wakati wa kutawadha. Lakini kuyafikia magego ya nyuma ya mtoto tumeona brashi ndogo hufaa zaidi, na mkono wa mzazi juu yake.

Lililotuwia gumu ni wageni. Kawaida ni kama sheria, na kumwekea mgeni chai isiyo tamu huku kwetu huhesabiwa ubahili. Siku ya kwanza tulipoleta birika bila sukari, na bakuli la sukari pembeni, shangazi mmoja aliuliza kama duka limefungwa. Tulicheka, tukamweleza. Alitia kijiko kimoja, akanywa, akasema kumbe iliki yasikika vizuri zaidi. Kisha akatuambia kwamba yeye mwenyewe amekatazwa sukari tangu mwaka jana, na kila nyumba aingiayo huona haya kukataa. Tulijifunza kwamba ukarimu wetu ulikuwa ukimdhuru mgeni aliyenyamaza kwa adabu.

Hatutaki kumpamba mtu. Mizani ya mama ilishuka kilo mbili, kisha ukaja mwezi wa arusi mbili, ikapanda moja. Ameendelea. Binti bado hununua mabuyu siku moja moja, na pengo lake halitaota jino. Hilo ndilo linalotuuma, kwa sababu lilikuwa amana mikononi mwetu, na miezi miwili ilitosha kulipoteza. Amebakiwa na magego matatu ya namna ile, nayo daktari ameyaziba mifereji yake ili chakula kisigande.

Basi tunawaomba, akina mama na akina baba: leo baada ya isha, mwenye mtoto aliyetimiza miaka sita amkalishe, achukue tochi, ahesabu kuanzia katikati. Akifika la sita, alitazame kwa makini. Likiwa na doa jeusi, asingoje liume. Mwenyezi Mungu atujaalie afya sisi na vizazi vyetu. Amin.