MAARIFA YA NYUMBANI: Tundu la Kadi Limekwenda Wapi?

Siku hizi kompyuta za mkononi zimeingia hata vijijini. Nyingi ni zile zilizokwisha kutumika: mzazi ameinunua mjini kwa ajili ya mtoto anayekwenda chuo, au ndugu aliye mbali ameileta. Ukiitazama ya zamani, ubavuni utaona tundu pana na bapa lenye kifuniko cha plastiki. Ya kisasa haina tundu hilo. Wengine husema ni ubahili wa watengenezaji tu. Jambo lenyewe si jepesi hivyo, tena ni jambo la fedha, kwa hiyo yafaa tulijue.

Tundu lile lilikuwa la nini? Mwaka 1989 makampuni ya kompyuta yaliunda chama kiitwacho PCMCIA, ili yapatane juu ya kipimo kimoja cha kadi za nyongeza. Kipimo cha kwanza kilitolewa mwaka 1990: urefu milimita 85.6, upana milimita 54, yaani sawa na kadi ya benki, ila nene zaidi. Siku zile kompyuta ya mkononi ilitoka kiwandani ikiwa maskini. Mwenye kutaka modemu ya simu alinunua kadi ya modemu, na mwenye kutaka waya wa mtandao alinunua kadi yake. Aliichomeka, kazi ikaendelea. Mwaka 1995 ikaja CardBus, yenye mwendo wa kasi zaidi. Mwaka 2003 ikaja ExpressCard, ambayo haiingii katika tundu la zile za kwanza.

Basi, mbona limetoweka? Sababu ni tatu.

Kwanza, vitu vilivyokuwa katika kadi vilihamia ndani. Mwaka 2003 kampuni ya Intel ilianza kuuza Centrino, na mtandao usio na waya ukawa kitu cha kawaida ndani ya mashine. Pili, USB, iliyoanza mwaka 1996, ilipata nguvu. Kifaa chake kimoja chaingia katika kompyuta ya mezani na ya mkononi pia, lakini kadi zile zilikuwa hasa za kompyuta za mkononi. Tatu, watu walitaka mashine nyembamba, na tundu lile lilikula nafasi. Mwaka 2009 Apple iliondoa ExpressCard katika MacBook Pro ya inchi 15, ikaweka tundu dogo la kadi za kamera. Chama cha PCMCIA nacho kilivunjwa, na viwango vyake vikakabidhiwa chama cha USB.

Je, tumepata hasara? Kidogo. Kadi zile ziliunganishwa moja kwa moja na njia kuu za ndani ya kompyuta, na ndiyo sababu mafundi wa sauti na picha walizipenda. Siku hizi kazi hiyo hufanywa na Thunderbolt, iliyotoka mwaka 2011, lakini haipatikani katika kila mashine, na vifaa vyake ni ghali.

Hasara kubwa iko mahali pengine, ndani, mahali pasipoonekana. Zamani mwenye mashine aliweza kufungua kifuniko cha chini na kuongeza kumbukumbu. Siku hizi katika mashine nyingi nyembamba kumbukumbu imelehemiwa. Ukinunua yenye GB 4 za namna hiyo, utabaki na GB 4 mpaka mashine ife. Mtoto yuko mwaka wa pili chuoni, programu zimekuwa nzito, na baba hana ng'ombe mwingine wa kuuza.

Kwa hiyo shikeni haya:

1. Kabla ya kutoa fedha, andika jina na namba kamili ya mashine, umwulize fundi asiye muuzaji: kumbukumbu na diski zaweza kubadilishwa?

2. Hesabu matundu. MacBook ya mwaka 2015 ilikuwa na tundu moja tu la USB-C, la kuchajia na la kazi nyingine zote, mbali na la vipokea sauti. Mashine ya namna hiyo hudai adapta, na adapta ni fedha.

3. Usinunue kadi ya zamani ukitumaini adapta. Zile za kuunganisha ExpressCard na USB hupitisha kadi za namna fulani tu.

4. Kama mashine yako ya zamani ina tundu la ExpressCard na USB ya polepole, usilidharau. Zipo kadi zinazoongeza USB 3.0.

Wala tusidhani mnunuzi hana sauti. Mwaka 2016 Apple iliondoa tundu la kadi za kamera katika MacBook Pro. Wenye kuzitumia walinung'unika miaka mingi, na mwaka 2021 likarudishwa. Mwaka huohuo kampuni ya Framework ilianza kuuza kompyuta ambayo mwenyewe aweza kubadilisha matundu yake na kuongeza kumbukumbu.

Muuzaji husifu wembamba wa mashine, na wembamba ni mzuri kwa kubeba. Lakini anayenunua mara moja kwa miaka sita aangalie kwanza kama itaweza kuongezewa na kutengenezwa. Kuuliza si ujinga; ulizeni kabla fedha hazijatoka mkononi.