Mashauri ya Ziwani: Mnunuzi wa Mtumbwi na Aangalie Haya

Mtu wa Nyanza aendapo mnadani kununua ng'ombe hana haraka. Humtazama meno, humpapasa mbavu, humwendesha hatua kadhaa ili aone kama achechemea, na huuliza amezaa mara ngapi. Lakini mtu huyohuyo akienda ufukoni kununua mtumbwi, mara nyingi huuliza mambo mawili tu: bei yake na mwendo wake. Jambo hili ni la kustaajabisha, maana ng'ombe mbaya humtia mtu hasara ya fedha, bali mtumbwi mbaya huweza kumtia mke ujane.

Ziwa Victoria si bwawa. Eneo lake ni kilomita za mraba 68,800 hivi, nalo limelala juu ya usawa wa bahari kwa mita 1,134. Sehemu ya Kenya ni kama 6 tu katika kila 100, lakini upepo na mawimbi havijui mipaka. Wakazi wa Kisumu waionapo Ghuba ya Winam asubuhi, imetulia kama mafuta sahanini, hudhani kwamba ziwa lote ndivyo lilivyo. Wapitao mlango wa Mbita na Rusinga kutokea upande wa Mfangano wanajua vingine.

Sababu ya hatari hiyo yaeleweka. Mchana nchi kavu hupata joto upesi kuliko maji, kwa hiyo upepo huvuma kutoka ziwani kwenda bara, na mawingu hukusanyika juu ya vilima. Ndiyo maana dhoruba za Kisumu hupenda kuja alasiri na jioni. Usiku mambo hugeuka. Nchi kavu hupoa, upepo hushuka ziwani kutoka pande zote, hukutana juu ya maji yenye vuguvugu, hupanda juu na kuzaa mawingu ya radi. Basi dhoruba kali za katikati ya ziwa hutokea zaidi kati ya usiku wa manane na alfajiri, yaani saa zile zile ambazo wavuvi wa omena wamewasha taa zao. Shirika la Hali ya Hewa Duniani limetaja makadirio ya watu 3,000 hadi 5,000 wanaokufa kila mwaka katika ziwa hili.

Basi mwenye nia ya kununua chombo, awe mvuvi, mchukuzi wa abiria au mpenda mchezo wa kupiga makafi, yampasa kuyafikiri mambo yafuatayo kabla hajatoa fedha mfukoni.

Chombo chenyewe

Kwanza, rangi mpya isimdanganye mtu. Rangi huficha mengi. Mnunuzi na achukue kisu chembamba, ainame ndani ya mtumbwi, achome ubao karibu na mkuku na mahali mataruma yanaposhikana na mbao. Kisu kikizama kama katika muhogo uliochemshwa, ubao umeoza, wala hapana haja ya kuuliza bei. Kadhalika na atazame vichwa vya misumari. Michirizi ya rangi ya kahawia ni machozi ya kutu. Msumari uliao hivyo hautashika ubao siku ya mawimbi. Mbao za mvule hudumu miaka mingi kuliko mbao nyepesi, na fundi mwaminifu hataona haya kusema ametumia mti gani.

Pili, mtumbwi na utiwe majini usiku mmoja kabla ya kununuliwa. Mbao zilizokaa juani husinyaa, kwa hiyo kuvuja kidogo siku ya kwanza si ajabu. Zikinywa maji hufumba. Lakini ikiwa asubuhi maji yamejaa ngamani, kalafati haikutiwa vema, na muuzaji aifanye upya kwa gharama yake.

Tatu, umbo na lilingane na kazi. Mtumbwi mwembamba hukimbia lakini huyumba. Mpana hutulia lakini huchosha mikono. Mitumbwi ya aina ya sese, ambayo jina lake latoka katika Visiwa vya Ssese vya Uganda, ina mkuku nayo hulipasua wimbi vema. Mtumbwi mdogo ufaao kutega ndoano kando ya mafunjo ya Dunga haufai kuvuka kwenda Mfangano, hata kama mwenyewe ni hodari. Mawimbi ya ziwa ni mafupi na husimama kuliko ya bahari, na chombo kifupi chenye ubavu wa chini huyanywa upesi.

Siku hizi wako pia watu wanaopenda kutumia kayaki kwa mchezo na mazoezi. Chombo hiki kilibuniwa na Wainuiti wa nchi za barafu, ambao walivika kiunzi cha mti au mifupa kwa ngozi za sili. Sasa hutengenezwa kwa plastiki au nyuzi za kioo. Ziko aina mbili kubwa. Katika moja mtu hukaa juu, na akianguka hupanda tena bila taabu nyingi; hii yamfaa anayejifunza naye haendi mbali na ufuko. Katika nyingine mtu hukaa ndani. Akitaka kuvuka maji mapana kwa hiyo ya pili, na achague iliyo ndefu, kama mita 5, yenye vyumba viwili visivyopitisha maji, mbele na nyuma, na kamba za kushika zilizofungwa juu yake. Kayaki fupi ya mitoni, isiyo na vyumba hivyo, ikijaa maji humwacha mwenyewe akishika kitu kizito kisichotawalika. Tena na akumbuke kwamba maji ya ziwa hayana chumvi, kwa hiyo hubeba chombo kwa nguvu iliyopungua kidogo kuliko maji ya bahari, kama sehemu 2 au 3 katika 100. Mzigo uliopimwa Mombasa na upunguzwe Kisumu.

Makafi na vifaa vidogo

Kafi na lichaguliwe kwa urefu wa mtu na upana wa chombo. Kafi fupi humlazimisha mtu kuinama na kukiyumbisha chombo. Refu mno huchosha mabega, na mtu aliyechoka ndiye afikwaye na dhoruba. Liwe bila ufa, mpini wake uwe laini ili usichubue viganja. Tena kafi la akiba halina budi kuwamo kila safari, limefungwa kwa kamba. Injini hufa, na kafi moja huvunjika; chombo kisicho na kafi ni gogo tu.

Pamoja na hayo na viwemo upo au kopo la kufulia maji, lililofungwa kwa uzi lisielee mbali, kamba ya mita 15 hivi ya kuvuta mwenzi, nanga, filimbi, tochi, na simu iliyotiwa ndani ya mfuko usiopitisha maji. Namba za msaada za 999 na 112 hazina faida katika simu iliyolowa. Usiku taa nyeupe na iwake, ili chombo kikubwa kisikipande kidogo.

Liko jambo jingine ambalo mafundi wengi hawaliuzi, nalo ni rahisi mno. Debe tupu la plastiki la lita 20, likifungwa kifuniko barabara, hunyanyua karibu kilo 19 majini. Mawili yakifungwa kwa nguvu, moja omoni na moja tezini, hutoa msaada wa kilo 38. Mtumbwi wa mbao uliojaa maji huelea kwa shida ukiwa na injini ambayo peke yake huweza kupita kilo 35, na nyavu zilizolowa juu yake. Madebe hayo mawili huweza kuwa ndiyo tofauti kati ya kitu cha kushikilia na kutokuwa na kitu.

Jaketi la kuokoa maisha

Katika vifaa vyote hiki ndicho kidharauliwacho kuliko vyote. Wako wasemao kwamba jaketi ni la waoga. Lakini si wavuvi wote wajuao kuogelea, na hata ajuaye hawezi kuogelea akiwa amepigwa na ubao kichwani.

Jaketi lililofuata kanuni za kimataifa huandikwa namba: 50, 100, 150 au 275. Hicho ni kipimo cha nguvu ya kuelea kiitwacho nyutoni, na nyutoni 10 ni kama kunyanyua kilo moja. La 50 ni jepesi, huachilia mikono kupiga kafi, lakini ni la ajuaye kuogelea naye yu karibu na msaada. La 100 ni la maji yaliyokingwa. La 150 ni la maji mapana, nalo limekusudiwa kumgeuza mtu aliyezimia uso wake uwe juu. Mvuvi wa Remba au Ringiti asinunue la 50 kwa sababu tu ni rahisi.

Jaketi lolote na lijaribiwe kabla ya kulipiwa. Mnunuzi alivae, afunge mikanda yote, kisha mwenziwe alishike mabegani na kulivuta juu. Likipanda hadi masikioni, ni kubwa mno, na majini litamponyoka. Jaketi la mtoto huchaguliwa kwa uzito wake wa leo, wala haifai kununua kubwa kwa kusema atakua nalo, kama ilivyo desturi ya sare za shule. Sponji yake ikibonyezwa na isiinuke tena, imekufa. Rangi iwe ya chungwa au ya manjano, si ya buluu, maana atafutaye mtu majini hutafuta rangi.

Nalo jaketi lililo chini ya kiti halimwokoi mtu. Chombo hupinduka kwa nukta chache, na mfa maji hana nafasi ya kufunga mikanda. Maji ya ziwa yana joto kama la nyuzi 25, kwa hiyo mtu hafi baridi mara moja. Huweza kungoja saa nyingi, mradi anaelea. Na akingoja, asikiache chombo kilichopinduka akijaribu kuogelea hadi pwani, kwa kuwa pwani huonekana karibu kuliko ilivyo, na mtumbwi huonekana kwa mbali kuliko kichwa cha mtu.

Mzigo na wanyama

Chombo kizuri kikipakiwa kupita kiasi huwa kibaya. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza, na mamia ya watu wakafa. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara, wakafa watu zaidi ya 220. Vyombo vyote viwili vilikuwa vimebeba watu kuliko kiasi chake. Ikiwa vyuma vikubwa hivyo vilishindwa, mtumbwi je? Mwenye busara hupiga mstari wa rangi ubavuni, na maji yakiufikia hakubali hata gunia moja zaidi.

Tena ziwa lina wenyewe. Kiboko asiingiliwe kati yake na maji ya kina, kwa kuwa huko ndiko akimbiliako. Apigaye kafi kimya kimya na agonge ubavu wa chombo mara kwa mara karibu na mafunjo, ili mnyama asishtuke. Gugu maji nalo husukumwa na upepo. Ghuba iliyokuwa wazi asubuhi huweza kufungwa jioni, na mtu akakwama ndani yake akiona nyumba yake kwa macho.

Nani alipe?

Lipo swali moja linalobaki, nalo ndilo zito kuliko yote. Katika fuko nyingi, kutoka Usenge hadi Muhuru, mwenye mtumbwi hulala nyumbani, na waendao ziwani ni vijana aliowaajiri kwa fungu la samaki. Achaguaye chombo siye azamaye. Ndiyo sababu fedha hupatikana upesi kwa injini kubwa zaidi, ambayo huongeza samaki, na hukosekana kwa jaketi nne, ambazo haziongezi hata omena mmoja.

Hesabu hiyo ni ya upungufu. Mamlaka ya Bahari ya Kenya, iliyoanzishwa mwaka 2004, ina kazi ya kusimamia usalama wa vyombo, na Walinzi wa Pwani, walioanzishwa mwaka 2018, hupiga doria. Lakini askari hawezi kusimama katika kila ufuko saa kumi na moja jioni. Kamati za fukwe, zijulikanazo kwa jina la BMU, huwa hapo kila siku. Zikikubaliana kwamba hakuna mtumbwi utakaosukumwa majini kabla kila mtu hajafunga jaketi lake, mwenye chombo atazinunua, maana mtumbwi uliokaa mchangani hauleti samaki. Na kijana aajiriwaye naye ana haki ya kuuliza, kabla hajaulizia fungu lake: "Jaketi langu liko wapi?" Asipojibiwa, na abaki pwani. Kazi nyingine itapatikana.

Wahenga walisema tahadhari kabla ya hatari. Ununuzi wa mtumbwi ndio mwanzo wa tahadhari hiyo, kwa kuwa likosekanalo ufukoni halipatikani katikati ya ziwa.