Kabla ya kulipia uzamili, piga hesabu

Umemaliza digrii ya biashara, kazi hakuna, na sasa unawaza kurudi chuo kusomea uzamili. Tulia kidogo. Somo la kwanza la uhasibu wa gharama unaweza kujifunza leo, bure.

Chukua kalamu. Andika karo na nauli. Kodi ya nyumba iache, maana ungeilipa hata usiposoma. Kisha andika ile ambayo wengi husahau: pesa ambazo ungetengeneza katika miaka hiyo 2 ukiwa kazini au kwa biashara yako. Hiyo nayo ni gharama, ingawa hakuna atakayekupa risiti. Na karo ya digrii ya kwanza? Ishaenda hiyo. Isikusukume.

Somo la tabia za watu kazini nalo huingia vizuri ukishawahi kuwa chini ya bosi, ukaona mbona wachapakazi huondoka.

Sisemi usisome. Lakini ukienda darasani kujificha tu, utatoka na deni, na kazi bado utaitafuta. Anza hata na kibarua cha kuhesabu mali dukani. Chuo hakihami.