Ritani ya Ushuru: Karatasi au Kompyuta, Lugha ni Ile Ile

Wahenga walinena kwamba asiyejua maana haambiwi maana. Methali hii hutumiwa kumkejeli mzembe wa kufikiri, lakini nchini Kenya imegeuzwa kuwa kanuni ya utawala katika jambo moja linalomgusa kila mwenye nambari ya PIN: uwasilishaji wa ritani ya ushuru wa mapato. Kila mwaka tarehe 30 Juni inapokaribia, huzuka mjadala ule ule. Je, lipi lililokuwa afadhali, fomu za karatasi au programu ya kompyuta? Makala haya yanashikilia kwamba swali hilo, japo lina uzito, limefunika swali jingine lililo kubwa zaidi, nalo ni swali la lugha.

Tuanze na historia kwa muhtasari. Halmashauri ya ushuru nchini, KRA, iliundwa mwaka 1995. Kwa miaka mingi mlipaushuru alijaza fomu ya karatasi, akatia sahihi kwa mkono wake na kuiwasilisha ofisini. Mfumo wa iTax ulianza kutumika mwaka 2013, na ulipofika mwaka 2015 mlango wa karatasi ulifungwa. Tangu hapo ritani yote hupitia mtandaoni. Mwajiriwa hutumia fomu ya P9 aliyopewa na mwajiri wake, na asiye na mapato yoyote huwasilisha ritani ya sifuri.

Wanaoutetea mfumo wa kompyuta wana hoja nzito. Programu hujumlisha yenyewe, hivyo makosa ya hesabu hupungua. Risiti hutolewa papo hapo. Foleni ndefu za mwisho wa Juni zimepungua, wala hakuna jalada la kupotelea kabatini. Tena mashine haiombi chai. Nao wanaoikumbuka karatasi hawaikumbuki kwa sababu ya ushamba. Karatasi haikuhitaji umeme wala intaneti. Iliweza kubebwa nyumbani, ikasomwa polepole jioni, ikaulizwa kwa jirani, kisha nakala yake ikahifadhiwa sandukuni pamoja na hati za shamba. Kila upande, basi, una haki yake.

Hata hivyo, hebu tuuchukue mjadala huu tuushushe hadi Masimba, katika eneo la Masaba, Kaunti ya Kisii. Hapa mkulima wa majani chai, mwenye duka, mwalimu na mwendesha bodaboda hukutana sokoni. Wengi wao wana nambari ya PIN, si kwa kuwa ni matajiri, bali kwa kuwa huwezi kufungua akaunti ya benki, kuhamisha umiliki wa ardhi wala kusajili pikipiki pasipo nambari hiyo. Tumfikirie mama mmoja mkulima aliyeichukua PIN ili ahamishiwe kipande cha shamba. Kwa mujibu wa sheria, yeye sasa anadaiwa ritani kila mwaka. Atakwenda saiba. Kijana wa saiba atamfungulia anwani ya barua pepe, atamtungia pasiwadi, ataiandika katika daftari lake mwenyewe, atabofya hapa na pale, kisha atamkabidhi risiti na kupokea malipo yake. Mama ataikunja risiti na kuondoka bila kujua ni jambo gani limesemwa kwa jina lake.

Hapa ndipo penye kiini cha hoja yetu. Fomu ya karatasi ilikuwa kwa Kiingereza, na ritani ya iTax imeandikwa kwa Kiingereza. Kilichobadilika ni chombo tu. Lakini mabadiliko hayo ya chombo yamemzidishia mama huyu hatari badala ya kumpunguzia. Zamani asiyejua Kiingereza aliazima mkono wa kuandika. Sahihi ilibaki yake, na hakuna aliyeweza kuitia bila yeye kuwapo. Leo pasiwadi ndiyo sahihi, na hiyo pia ameiazimisha. Mwaka ujao kijana wa saiba akihamia Keroka au Nairobi, amehama na ufunguo wa nyumba ya mtu mwingine. Ikiwa tarakimu zilizojazwa ni za uongo, sheria haimtafuti aliyebofya, bali humtafuta mwenye jina. Ritani ni tamko kwamba yaliyomo ni kweli na kamili. Je, mtu aweza kuapia ukweli wa maneno asiyoyaelewa?

Kinaya ni kwamba KRA yenyewe inakijua Kiswahili vyema. Kaulimbiu yake kwa miaka mingi imekuwa "Tulipe Ushuru, Tujitegemee". Mwananchi huhimizwa kulipa kwa Kiswahili, kisha huhesabiwa kwa Kiingereza. Lugha ya taifa imepewa kazi ya kubembeleza. Lugha nyingine imeshika kalamu. Haya yanatendeka katika nchi ambayo Katiba yake ya mwaka 2010, kifungu cha 7, inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi sambamba na Kiingereza.

Wapo watakaosema kwamba Kiswahili hakina istilahi za ushuru. Dai hili halina mashiko. Nchini Tanzania, mamlaka ya mapato, TRA, huwaeleza wananchi kuhusu kodi ya zuio, kodi ya ongezeko la thamani na ritani za kodi, na biashara huendelea. Tatizo letu hasa ni kwamba istilahi zipo lakini hazijasawazishwa. Mtanzania hutaja kodi ya mapato pale ambapo Mkenya hutaja ushuru wa mapato, na kwa Mtanzania ushuru aghalabu ni tozo ya forodha au ya soko. Baadhi yetu huiita ritani marejesho, ilhali kwa mkopaji wa chama neno hilo ni pesa anazolipia mkopo, na kwa mwingine ladhihirisha pesa anazorudishiwa. Neno moja likieleweka kwa namna hizo, mtu ataingoja hela ambayo haiji. Nasi wasomi hatujambo kwa kuongeza utata: majaridani mwetu tunaandika tarakilishi na nywila, hali Masimba wanasema kompyuta na pasiwadi. Fomu ya umma haina budi kufuata neno ambalo msomaji wake analo tayari mdomoni.

Pingamizi la pili ni zito zaidi na halifai kupuuzwa. Lugha ya Masimba ni Ekegusii. Ajuza asiyejua Kiingereza huenda naye asikijue Kiswahili cha ofisini. Ni kweli, na Katiba hiyo hiyo inaiagiza serikali ikuze pia lugha za jamii zetu. Lakini tupime umbali. Kiswahili hufunzwa kila mtoto tangu shule ya msingi, ndicho lugha ya redio na ya muuzaji anayetoka mbali. Mjukuu akiishika karatasi ya Kiswahili aweza kumfafanulia bibi yake kwa Ekegusii sentensi kwa sentensi. Akishika ya Kiingereza iliyosheheni msamiati wa mawakili, atakwama pamoja naye. Kiswahili hakimalizi safari, bali huipunguza kwa nusu.

Na tusidhani kwamba jambo hili ni la wakulima pekee. Mwanafunzi anayeomba mkopo wa HELB hutakiwa kuwa na PIN, na wengi huipata bila kuelezwa kwamba ritani ya sifuri huandamana nayo. Faini ya mtu binafsi anayechelewa ni shilingi 2,000 au asilimia 5 ya ushuru anaodaiwa, kutegemea kilicho kikubwa, na hurudiwa kila mwaka anaokosa. Msomaji wa jarida hili aliye mwaka wa nne aweza kuhitimu akiwa na shahada ya Kiswahili mkononi na faini za miaka kadhaa mgongoni, kisha agundue hayo siku mwajiri anapomdai cheti cha kuthibitisha kwamba hana deni la ushuru.

Tufanyeje basi? Mintarafu ya karatasi na programu, rai yangu ni kwamba tusilazimishwe kuchagua kimoja na kukitupa kingine. Programu na ibaki mahali pa kuwasilishia, maana hapo imefaulu. Karatasi na irudi kuwa mahali pa kusomea: nakala ya ritani kwa Kiswahili sanifu na chepesi, ipatikane Huduma Centre na kwa chifu, ili mwananchi aisome na kuijaza kwao kabla ya kwenda saiba. Atakapofika huko atakuwa anaamuru, hatakuwa anaamriwa. Nayo skrini ya iTax iwe na Kiswahili kamili hadi kwenye tamko la mwisho. Fomu ya programu hutafsiriwa mara moja ikawafaa mamilioni. Hapa kompyuta inatupa wepesi ambao karatasi haikuwa nao.

Kazi hiyo haitaanzia KRA tusipoianza sisi. Chama chetu kina wanafunzi wa tafsiri na walimu wa isimu. Tunaweza kuandaa faharasa fupi ya maneno yaliyomo katika ritani ya mtu binafsi, tukaipeleka sokoni Masimba kabla ya kuiwasilisha kongamanoni, tukayaacha yale yanayoeleweka na kuyafuta yanayomkunjisha uso muuza ndizi. Tumezoea kulalamika kwamba Kiswahili kimedharauliwa. Lugha huheshimiwa inapobeba mambo ambayo watu hawawezi kuyakwepa, na ushuru ni mojawapo ya mambo hayo.