Mbwa anayebweka na kuvuta kamba: Dagaa hufundisha kuliko fimbo

Handeni/Korogwe. Siku ya chanjo ya kichaa cha mbwa huwa haihitaji tangazo kubwa. Ofisa mifugo anafika na kiboksi chake cha barafu, anatafuta kivuli karibu na ofisi ya kijiji au shule, na muda si mrefu watoto wanaanza kumiminika wakiwa na mbwa waliofungwa kamba za katani shingoni.

Hapo ndipo tatizo huanza. Mbwa ambaye nyumbani ni mpole anamwona mbwa mwenzake, masikio yanasimama, anabweka na kujirusha mbele. Mtoto wa miaka tisa anayemshika hana uzito wa kumzuia. Kamba inamchubua viganja au anaburutwa chini. Wengine wanaamua kumrudisha mbwa nyumbani, na mbwa huyo anakaa mwaka mwingine bila chanjo.

Kwa mzazi, hili ni suala la afya ya familia. Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kuwa kichaa cha mbwa huua watu wapatao 59,000 kila mwaka duniani, wengi wao barani Afrika na Asia. Kati ya wanaong'atwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na ugonjwa huo, takriban asilimia 40 ni watoto wa chini ya miaka 15. Dalili zikishaanza, karibu hakuna anayepona.

Kinga yake inajulikana. WHO inaeleza kuwa mbwa wasiopungua asilimia 70 katika eneo wakichanjwa, ugonjwa hukosa njia ya kuenea. Kisiwani Pemba kampeni za chanjo ya mbwa ziliwahi kuutokomeza, ukarejea mwaka 2016, na chanjo ikafanyika tena hadi ukadhibitiwa. Lakini chanjo inamfikia tu mbwa anayeweza kushikwa na kuongozwa, na ujuzi huo hufundishwa nyumbani, wiki kadhaa kabla ya ofisa mifugo kufika.

Kwa nini akifungwa kamba anakuwa mkali?

Mbwa wengi wa Chanika, Mkata, Manundu au Mombo hawajazoea kuongozwa. Mchana huzurura au hufungwa sehemu moja, usiku huachiwa walinde nyumba. Wengine huenda shambani kufukuza nyani na nguruwe pori wasimalize mahindi. Kamba wanaifahamu kama kitu cha kuwazuia, si cha kutembea nacho.

Mbwa akiwa huru, akiona kitu kinachomtia wasiwasi ana uamuzi. Atazunguka kwa mbali, atanusa pembeni, au ataondoka zake. Akifungwa kamba, njia ya kukimbia imekatwa. Kinachobaki ni kupiga kelele na kujirusha ili kile kitu kiondoke chenyewe.

Na mara nyingi kinaondoka. Bodaboda inapita, mwanafunzi anaongeza mwendo, mchungaji anaswaga ng'ombe wake kuelekea mnadani. Mbwa haelewi kwamba wote hao walikuwa wanapita tu. Anachojifunza ni kwamba kubweka kumefanya kazi, hivyo kesho atabweka zaidi.

Wapo pia wasio na woga. Hao wanataka kwenda kumsalimia mbwa mwenzao, wakizuiwa wanapandwa na hasira. Kwa macho makelele ni yaleyale, na bahati nzuri mafunzo yanayowasaidia ni yaleyale pia.

Fimbo inamfundisha nini?

Mazoea ya wengi ni kumpiga mbwa, kumrushia jiwe au kumvuta shingo kwa nguvu anapobweka. Anaweza kunyamaza kwa muda. Lakini tukio lenyewe, kwa upande wa mbwa, lina mpangilio huu: ametokea mtoto mwenye sare ya shule, kisha yamekuja maumivu. Yakirudiwa mara kumi, sare ya shule inakuwa dalili ya maumivu, na woga uliomfanya abweke unaongezeka.

Kuna hatari nyingine. Kuunguruma ni onyo la mbwa kabla hajang'ata. Mbwa anayepigwa kila anapounguruma anaacha kuunguruma, lakini hofu iko palepale. Siku akifika mwisho wa uvumilivu, atang'ata bila kutoa onyo, na mara nyingi aliye karibu naye ni mtoto.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 nchini Ureno ulifuatilia mbwa 92 waliokuwa wakifundishwa katika shule mbalimbali za mbwa. Waliofundishwa kwa kuumizwa na kutishwa walionyesha dalili nyingi zaidi za msongo, na homoni ya msongo kwenye mate yao ilipanda baada ya mafunzo, tofauti na waliofundishwa kwa zawadi. Mwaka 2021 chama cha madaktari wa mifugo wa Marekani wanaoshughulikia tabia za wanyama kilipendekeza njia ya zawadi kwa mbwa wote, wakiwamo wale wakali.

Njia hii si ngeni Tanzania. Katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA), Morogoro, shirika la APOPO hufundisha panya buku kunusa mabomu ya ardhini na makohozi yenye vimelea vya kifua kikuu. Panya hapigwi. Anafundishwa kwamba mlio mdogo wa "ta!" unamaanisha chakula kinakuja, kisha anausikia mlio huo kila anapofanya sahihi. Magawa, panya aliyezaliwa na kufundishwa Morogoro, aligundua mabomu na vilipuzi zaidi ya 100 nchini Cambodia na mwaka 2020 alipewa nishani ya dhahabu na shirika la PDSA la Uingereza. Kama panya anafundishika kwa ndizi, mbwa atafundishika kwa dagaa.

Mafunzo yenyewe

Vifaa ni vichache: kola au mkanda mpana wa shingoni usiokaba, kamba imara ya urefu wa mita mbili hivi, na kopo la vipande vidogo vya chakula anachokipenda mbwa. Dagaa wakavu, vipande vya utumbo uliochemshwa au matonge madogo ya ugali uliochovywa kwenye mchuzi wa nyama vinatosha. Kipande kiwe kidogo kama punje ya hindi. Mifupa iliyopikwa isitumike, kwa kuwa hupasuka vipande vyenye ncha vinavyoweza kumuumiza.

Kwa familia ambazo dini inawataka kujiepusha na mate ya mbwa, chakula kinaweza kudondoshwa chini mbele yake badala ya kulishwa mkononi. Matokeo ni yaleyale.

Kwanza, azoee kamba akiwa uani, pasipo na mtu wala mbwa mwingine. Afungwe, apewe dagaa, atembezwe hatua chache, apewe tena. Kila anapogeuka kumtazama anayemshika, apate kipande. Siku tatu au nne za dakika tano asubuhi na tano jioni zinaweza kutosha kwa mbwa wengi, mwoga aongezewe.

Pili, utafutwe umbali wa utulivu. Huu ni ule umbali ambao mbwa anakiona kinachomsumbua lakini bado anaweza kula na kusikia jina lake. Kwa mbwa mmoja ni hatua 15 kutoka barabarani, kwa mwingine ni 50. Kipimo ni rahisi: akikataa dagaa au akianza kubweka, yuko karibu mno. Asikemewe, arudishwe nyuma.

Tatu, mpangilio uzingatiwe: kitu kwanza, chakula baadaye. Bodaboda inatokea, mbwa anaiona, anapewa dagaa mfululizo mpaka ipite. Ikishapita, dagaa wanakoma. Chakula kikitangulia, mbwa hajifunzi chochote kuhusu bodaboda. Baada ya siku kadhaa atakapoiona ataanza kugeuka mwenyewe kumtazama mshika kamba, kana kwamba anauliza, "Dagaa yuko wapi?" Hiyo ndiyo dalili kwamba somo limeingia.

Nne, umbali upunguzwe polepole. Hatua mbili au tatu tu, baada ya siku kadhaa za utulivu. Anayeharakisha hujikuta ameanza upya. Mbwa mwingine hubadilika ndani ya wiki tatu, mwingine miezi.

Tano, afundishwe kugeuka. Wakiwa uani, mshika kamba aseme "twende!" kwa sauti ya furaha, ageuke upande wa pili na kumpa dagaa anapomfuata. Neno hili litamwokoa siku watakapokutana ghafla na mbwa mwingine kwenye kona ya njia ya mkonge ambako hakuna pa kukwepea.

Wakati wote kamba ilegee kidogo. Wengi huikaza mara tu wanapoona pikipiki inakuja, na mbwa husoma mkazo huo kuwa kuna hatari.

Nafasi ya mtoto

Mtoto anaweza kuhesabu hatua, kukata vipande vya chakula na kuangalia kama bodaboda inakuja. Kamba ya mbwa anayejirusha ishikwe na mtu mzima. Mbwa wa kilo 15 anayekimbilia upande mmoja anatosha kumwangusha mtoto barabarani, na barabara kuu inayopita Mkata, Kabuku na Korogwe ina mabasi na malori mchana na usiku.

Watoto wote wa nyumba, hata wasiohusika na mafunzo, wafundishwe mambo manne. Mbwa anayekula, anayelala au anayenyonyesha hasumbuliwi. Mbwa aliyefungwa hachokozwi kwa mawe wala fimbo. Mbwa asiyemfahamu akimjia, mtoto asikimbie. Asimame kama mti, mikono kifuani, macho chini. Akiangushwa, ajikunje kama jiwe na kufunika shingo na masikio kwa mikono.

Mtoto mdogo asiachwe peke yake na mbwa, hata aliyekulia humo ndani.

Siku ya chanjo ikifika

Hata mbwa aliyefundishwa anaweza kuelemewa na mkusanyiko wa mbwa 40. Familia inaweza kufika mapema kabla ya foleni, au kuchelewa kidogo wengi wakishaondoka, baada ya kumuuliza ofisa mifugo muda wa kufunga. Mbwa asimamishwe mbali, ikiwezekana nyuma ya ukuta au gari asiwaone wenzake, na mtoto atumwe kushika nafasi kwenye foleni. Mtu mzima mmoja aongoze mbwa mmoja.

Ofisa mifugo aelezwe mapema kwamba mbwa ana wasiwasi. Mara nyingi anaweza kumfuata alipo, kwa sababu sindano ni ya sekunde chache. Dagaa waendelee kutolewa kabla, wakati na baada ya sindano, ili mwakani mbwa asiikumbuke siku hiyo kwa maumivu peke yake. Kadi ya chanjo itunzwe pamoja na kadi za kliniki za watoto.

Pale ambapo mafunzo si jibu

Mbwa aliyekuwa mtulivu akibadilika ghafla, akawa anang'ata vitu ovyo, anatokwa na mate mengi, anayumba, anashindwa kumeza au sauti yake imebadilika, asifundishwe wala kusogelewa. Watoto waondolewe eneo hilo na ofisa mifugo wa kata ajulishwe mara moja. Hizo zinaweza kuwa dalili za kichaa.

Mtu aking'atwa, au akikwaruzwa na ngozi ikachubuka, jeraha lioshwe papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 kamili. Lisipakwe pilipili, mafuta, majivu wala dawa za majani. Kisha mgonjwa apelekwe hospitali siku hiyohiyo, hata kama jeraha ni dogo na hata kama mbwa anajulikana ni wa jirani. Daktari ndiye ataamua kuhusu chanjo na ratiba yake. Mtoto anaweza kuficha kwamba ameng'atwa akiogopa kuchapwa, kwa hiyo ajue mapema kwamba akisema hataadhibiwa.

Kisheria pia, mbwa si wa kuumizwa ovyo. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inakataza ukatili dhidi ya wanyama, na inamtaka anayemfuga mnyama kumhudumia.

Kwa mzazi anayetaka kuanza wiki hii, jambo la kwanza ni kumuuliza ofisa mifugo wa kata tarehe ya chanjo ijayo, kisha kuhesabu wiki zilizobaki. Zikiwa sita au zaidi, muda upo wa kumfundisha mbwa taratibu. Zikiwa chache, familia ianze kumzoesha kamba uani na kuomba sindano ichomwe pembeni au nyumbani, mafunzo mengine yaendelee baada ya chanjo.