Apdeti za gemu: kwa nini basi la jana leo haliwaki

Kaa stendi ya Same jioni, utawaona vijana watatu wameinamia simu moja, wanaendesha basi. Lina rangi na jina la kampuni zile zile zinazopita hapa kati ya Dar es Salaam na Arusha. Gemu ni Bus Simulator Indonesia, wenyewe wanaliita BUSSID, lililotolewa na kampuni ya Maleo ya Indonesia mwaka 2017. Limependwa Afrika Mashariki kwa sababu linamruhusu mchezaji kuingiza magari na rangi zilizotengenezwa na watu wengine. Nyongeza hizo ndizo modi.

Tatizo huja na apdeti, na si kwa gemu hili tu. Modi hutengenezwa kufuata toleo fulani la gemu, kama ufunguo uliochongwa kwa kitasa kimoja. Kampuni ikibadili namna gemu linavyosoma mafaili yake, kitasa kimebadilika. Gari linagoma kufunguka, au linatokea jeupe bila rangi, au gemu zima linajifunga. Aliyeikesha modi hiyo usiku kwa usiku, mara nyingi bila malipo, anaanza upya.

Hata wakubwa hukwama. Kundi la Uingereza lililotengeneza Fallout: London, modi kubwa ya gemu la Fallout 4, lilipanga kuitoa Aprili 23, 2024. Bethesda ikatangaza apdeti ya Aprili 25. Modi ikasogezwa hadi Julai 25, na waliotaka kuicheza ilibidi walirudishe gemu kwenye toleo la zamani.

Tusiwalaumu watengenezaji kwa kila kitu. Apdeti huziba mianya ya usalama na kurekebisha makosa. Google nayo huwalazimisha kuhamia Android mpya: kuanzia Agosti 31, 2024, apdeti zinazopelekwa Google Play zilitakiwa kulenga Android 14. Kwa hiyo hata gemu lisilo na kipya hupata toleo jipya.

Lakini bando linalipiwa na mchezaji. Ukiwa Suji au Chome, unajiunga bando, gemu linajishusha lenyewe, modi zako hazifunguki, na Google Play haina kitufe cha kurudi toleo la jana. Hapo ndipo naona mchezaji anaonewa. Inawezekana kufanya vingine: Euro Truck Simulator 2, la kompyuta, linamwachia mchezaji kwenye Steam achague toleo la zamani linalokubaliana na modi zake.

Kuna kichekesho hapa. Gemu la mpira la PES la PSP, ambalo Konami iliacha kulitengeneza miaka mingi iliyopita, bado linachezwa kwenye simu kupitia programu ya PPSSPP, likiwa na wachezaji na jezi za msimu huu. Halipati apdeti yoyote kutoka kwa kampuni, ndiyo maana mafundi wa modi wanaliamini.

Kwa sasa, fungua ukurasa wa gemu kwenye Play Store, bonyeza vidoti vitatu juu kulia, ondoa tiki ya kujisasisha. Kabla ya kukubali toleo jipya, muulize aliyetengeneza modi yako kama ameshaijaribu. Ila ukicheza na wenzako mtandaoni, toleo la zamani huenda likakataliwa mlangoni.